Kikombe cha Dirishani

Mama Kijiko alirudi kwenye chumba cha kuonjea chai saa kumi na mbili jioni kwa kazi ya kawaida kabisa: kupanga vikombe vya kesho. Wenzake wa ghalani walikuwa wameshaondoka. Akapanga vikombe vyeupe mezani, akasogeza ndoo ya kutemea karibu na mguu wake, akawasha birika.

Kesho meneja angempima. Miaka kumi na tisa mwanamke huyu ameonja chai ya kampuni. Akisema hii ipakiwe, inapakiwa. Akisema hii irudishwe, inarudishwa, na hakuna wa kumbishia. Sasa walikuwa wanambishia, tena mbele ya wapakiaji. Mara mbili mwezi ule alipitisha majani yenye ukungu, na juu yake akayasifu.

Hata mkwewe, mke wa mwanawe aliyeishi naye nyumba moja, hakujua siri yake. Homa ya wiki tatu nyuma ilipoondoka, iliondoka na chake na kisicho chake. Ulimi ulikufa, na pua ikaufuata. Chumvi, sukari, ndimu, vyote maji matupu. Mwonja chai asiye na ulimi arudi nyumbani akalee wajukuu, na huyu hata wajukuu hakuwa nao.

Simu ikalia. Mkwewe.

"Mama, chakula kinapoa."

"Kifunike. Hakina miguu."

"Mwanao ameshakikodolea macho."

"Basi mfunike na yeye."

Akakata simu huku akicheka, akafungua boksi la sampuli. Karatasi ilisema makopo sita. Akayatoa moja moja. Yalikuwa saba.

La saba lilikuwa jeusi, kuukuu, halina maandishi. Akalifungua...

Moshi!

Aliusikia kwa pua yake mwenyewe. Nusura alie. Ilikuwa chai nyeusi ya Kichina, ile inayokaushwa juu ya moto wa kuni za msonobari mpaka majani yanalewa moshi. Marehemu shangazi yake, aliyemfundisha kazi hii, aliipenda kuliko watoto wa watu.

"Wajinga wanasema inanuka jiko," shangazi alizoea kusema. "Waache. Moshi ni mlango tu. Wewe ingia ndani."

Akapima majani, akamimina maji yaliyochemka, akafunika, akangoja dakika tano bila kuketi. Chai ilitoka nyekundu, inang'aa kama sufuria ya shaba iliyosuguliwa. Akachota kijiko, akaivuta kwa pumzi ili isambae mdomo mzima.

Ffffyuup.

Ulimi ukaamka. Kwanza moshi, mkavu na safi. Kisha utomvu wa mti. Halafu, kwa mbali, utamu wa tunda lililokaushwa juani likasahauliwa kabatini. Akafumba macho kwa raha. Akatema ndooni. Akachota tena.

Ffffyuup.

Safari hii chini ya ule utamu kulikuwa na kitu kingine. Kitu laini... cha uvuguvugu. Kama maji ya maua yaliyolala wiki nzima. Kama jino bovu. Kama usaha.

Akatema haraka, akajifuta ulimi kwa leso.

Harufu hiyo aliijua.

Ilikuwa harufu ya mdomo wa shangazi siku zake za mwisho, kidonda kilipomla shavu mpaka meno yakaonekana kwa pembeni. Shangazi aliomba kitu kimoja tu: kikombe cha chai ya moshi, na mtu wa kumshikilia, maana mikono yake ilikuwa imekufa ganzi. Mama Kijiko aliitengeneza chai. Akaileta mpaka kitandani. Akainama... na ile harufu ikampiga usoni. Akakiweka kikombe dirishani, akasema, "Ngoja kipoe kwanza, shangazi," akatoka kwenda kutapika.

Hakurudi. Asubuhi walimkuta shangazi amekufa, uso umegeukia dirishani, kikombe kimejaa vilevile. Wiki iliyofuata Mama Kijiko akakikalia kiti chake cha kazi.

Ffffyuuup... fiii.

Sauti hii haikutoka kwake.

Ilitoka mwisho wa meza, upande wa dirisha, ambako giza lilikuwa limeanza kukaa. Fyonzo refu lenye mluzi mwembamba mwishoni, kama la mtu ambaye hewa inampita shavuni.

Hakugeuka. Shingo ilikataa.

"Kimepoa sasa?" sauti ikanong'ona.

"Shangazi..."

"Nishikilie, mwanangu."

Mlango ulikuwa hatua nne tu. Angeweza kukimbia. Lakini mdomoni aliusikia moshi ukififia, na ulimi ukirudi kuwa kipande cha kitambaa. Na kesho saa tatu, meneja.

Akakishika kikombe kwa mikono miwili. Akafumba macho. Akakinyoosha gizani.

Kitu cha baridi, chenye unyevu, kikagusa vidole vyake. Midomo. Nusu ya midomo. Kikombe kikaanza kuwa chepesi, na matone yakamdondokea kwenye kiganja kutoka pembeni, mazito kama ute wa yai. Safari hii hakukiondoa kikombe.

Kisha... pwah!

Uzito ukarudi kikombeni.

Shangazi hakumeza. Mwonja chai hamezi kamwe. Ndilo lilikuwa somo lake la kwanza.

"Mimi sina tena pa kuipeleka," sauti ikanong'ona, karibu sana na sikio. "Imeze wewe."

Alipofumbua macho hapakuwa na mtu. Kikombe kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni. Juu ya chai ulitanda utando mweupe, na katikati ya utando kilielea kitu chembamba, kama ganda la nyanya iliyochemshwa.

Akaziba pua. Akanywa. Kile kitu kikanasa kooni. Akakisukuma kwa mate, mara ya kwanza, mara ya pili, kikashuka polepole kama kinachotafuta njia.

Asubuhi meneja alificha majina ya chai zote. Mama Kijiko akazitaja zote. Hii ilinyeshewa. Hii ilisafirishwa pamoja na sabuni. Hii mashine yake inavuja grisi. Meneja akajikuna kichwa.

"Mama, huo ulimi umenunua wapi?"

"Ni uleule," akajibu, na neno la mwisho likatoka na mluzi.

Kopo la saba hakuliona tena. Dereva aliyeleta boksi aliapa kwamba alileta sita.

Kazi ikabaki yake. Lakini chini ya kila kitu, mkate, dawa ya meno, hata maji ya bomba, ilikuwepo ile harufu. Alisugua meno mpaka ufizi ukatoa damu. Akajichungulia kwenye kioo. Safi... isipokuwa ndani ya shavu la kushoto, kidoa cheupe, kadiri ya punje ya mchele.

Siku ya nne hakuweza kufunga vifungo vya blauzi. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Jioni mkwewe akamletea chai kitandani.

"Nitakushikilia, mama. Usijisumbue."

Akainama na kikombe. Ghafla akasita. Pua ikamkunjika, machozi yakamlengalenga. Akarudi nyuma hatua moja, kiganja mdomoni.

"Mama..." akasema kwa sauti iliyobanwa. "Ngoja... ngoja kipoe kwanza."

Akakiweka kikombe dirishani, akatoka.