Aliyemgeuza Mama

Saa tatu na nusu asubuhi, muuguzi alipapasa chini ya shuka la mpira alilolalia mama yake, mkono ukarudi mtupu. Kibali chake cha kufanya kazi ughaibuni, alichokihangaikia kwa njia halali hadi viatu vikaisha soli, kilikuwa kimetoweka. Ndege ingeondoka saa tisa alasiri.

Shangazi yake, mpelelezi mstaafu, alisimama kando ya kitanda akimtazama mgonjwa aliyepooza na kupoteza usemi.

"Ulipokwenda kuwaaga wenzako hospitalini, ulimwacha ameelekea wapi?"

"Ukutani, shangazi."

"Sasa ameelekea dirishani. Na mto huo katikati ya magoti?"

Muuguzi alikodoa macho. "Sikuuweka mimi."

Wakala wa safari, aliyekuwa akisubiri sebuleni tangu saa mbili, aliitwa kwanza.

"Juzi uling'ang'ania kukaa na kibali hiki. Kwa nini?"

"Usalama tu, mama! Nikiibe nikifanyie nini? Kina sura yake, si hii yangu!"

"Haya, nisaidie kumgeuza mgonjwa."

Wakala akanyoosha mkono kuudaka mkono uliopooza.

"Usimvute!" muuguzi alimaka.

"Inatosha. Kakae," alisema shangazi, kisha akamgeukia kitindamimba, mdogo wake muuguzi, aliyekuwa mlangoni na kikombe cha maziwa. "Na wewe?"

"Mimi tena? Shangazi, kila mtu anajua siwezi kumgeuza mama. Dada amenifundisha mpaka amechoka."

Shangazi aliinua pindo la shuka. "Hakuna mkunjo. Visigino havigusi godoro, visije vikapata vidonda. Mwizi mgeni angevuta, akachukua, akatoka mbio. Huyu, pamoja na haraka yake yote, alisimama kuweka mto. Nani mwingine hapa amefundishwa kuuweka?"

Maziwa yalimwagika. Kitindamimba alichomoa kiunoni bahasha yenye kibali.

"Akienda nitabaki naye peke yangu," alisema kwa kwikwi. "Nikikosea, nimwite nani? Nilijua ndege ikimwacha, atabaki."

Muuguzi aliipokea bahasha bila kuifungua. Aliinama, akapitisha kiganja chini ya visigino vya mama, akaukagua mgongo, akaugusa mto, kama alivyozoea kuwakagua wanafunzi wake wodini.

"Nimetafuta kosa," alisema hatimaye. "Sijaliona."

"Dada, nisamehe."

"Nitakusema sana nikitua huko, usidhani umepona. Saa tano anageuzwa tena. Mimi nitasimama mlangoni, mikono nyuma."

Kitindamimba alifuta machozi, akaweka kikombe chini, akakunja mikono ya blauzi.