Tanzia ya Yona

Simu ilimkuta Imakulata Mhina juu ya pikipiki, barabara ya Tanga kwenda Muheza, mvua ya mchana ikimchapa usoni na Prado nyeupe ikimng'ang'ania nyuma.

Aligusa kidude cha sikioni.

"Sindano." Sauti ya Bi Shemsa, mkuu wake, ikimwita kwa jina lake la kazi.

"Nipo."

"Tanzia ya Yona imetoka."

Pikipiki iliyumba. Kidogo aingie mtaroni.

"Yona hana tanzia, Bi Shemsa."

"Sasa anayo. Imepita kwenye Vipepeo. Watu wote wameipata."

Wote. Maana yake na mama yake Yona.

Yona Shemhilu alikufa kweli. Ulikuwa mwaka wa tatu sasa tangu apigwe risasi majini, mbele ya Kigombe, akifuatilia boti ya silaha. Mwili haukuonekana. Waliojua walikuwa wachache, na wachache hao waliamua kwamba Yona asife. Ndiye aliyekusanya macho ya pwani yote: fundi cherehani, muuza samaki wa kukaanga, mlinzi wa ghala, na mama yake mwenyewe, Mama Elizabeti wa Amani, anayepangisha vyumba kwa watafiti wa msituni. Watu hao walimwamini yeye tu. Wakisikia hayupo, wangetawanyika.

Kwa hiyo Imakulata alikabidhiwa sanduku la barua pepe la marehemu. Akaambiwa aandike kama yeye.

Akaandika. Maagizo kwa macho, na kila Jumapili barua ya peke yake kwa mama. Shikamoo mama, mimi mzima, kazi tu zimenibana. Alikuwa ameshazoea kuamka usiku akiwa haelewi maneno yaliyo kichwani mwake ni yake au ya Yona.

"Nani ameituma?"

"Brandel."

Brandel alijitambulisha kama mtafiti wa mwani. Mwani ni geresha tu. Boti iliyomuua Yona ilikuwa yake, na nyingine ilikuwa njiani kuja Kigombe na masanduku ya bunduki.

"Amebadili mipangilio," Bi Shemsa alisema. "Zamani ukijibu, jibu linakwenda kwa msimamizi peke yake. Sasa linakwenda kwa kila aliyejiunga. Na yeye mwenyewe kajiunga. Mashine ilinionyesha hayo, kisha akabadili na neno la siri. Nimejaribu kuingia kutoka huku nimegonga mwamba."

Imakulata aliongeza mwendo.

Kwa nje, Vipepeo ilikuwa orodha ya barua pepe ya wapenzi wa vipepeo vya Amani. Ujumbe mmoja unaingia kwenye seva, unatoka kwa wote. Yona aliifunga kama nyumba ya mtu mwoga. Anayesema ni msimamizi tu. Mwanachama hamwoni mwanachama mwenzake. Hata ukimtesa mmoja hana wa kumtaja.

Sasa Brandel alikuwa amepata njia ambayo haihitaji kumtesa mtu. Nani hapa kwetu anayesoma tanzia akanyamaza? Unaweza kumkimbia mjumbe wa mtaa na mtu wa michango, lakini msiba hauukimbii. Utaandika pole. Utaweka jina lako kamili ijulikane kwamba ulikuwepo. Utasema uko wapi, na utaacha namba ya simu ili uambiwe mazishi ni lini. Macho yote ya pwani yangejitaja yenyewe, kwa heshima zote, na Brandel angekaa tu akisubiri.

"Wangapi wamejibu?"

"Sijui, mwanangu. Nenda kwenye mashine."

"Nina mkia."

"Ukate."

Kabla ya Pongwe, Imakulata aliacha lami. Njia ya udongo mwekundu ilikata katikati ya shamba la mkonge lililokufa siku nyingi. Prado nayo ikaingia. Risasi ya kwanza ilipita juu ya bega lake, ya pili ikavunja kioo cha pembeni.

Hakugeuka.

Mbele kulikuwa na daraja la reli ndogo, lile la vitoroli vilivyokuwa vikibeba mkonge. Vyuma viwili na mbao zilizooza. Honda XL ingepita. Prado isingepita, ila dereva wake hakuwa mwenyeji.

Imakulata aliongeza moto, akabana magoti, akapita.

Nyuma alisikia breki, halafu mbao, halafu maji. Hakuna aliyetoka kumfuata tena.

Seva ilikuwa kwenye nyumba ya zamani ya pampu ya shamba. Kompyuta moja ya Dell, betri, paneli ya sola juu ya bati, na antena iliyofichwa ndani ya mti wa mfenesi. Yona ndiye aliyechagua mahali. Imakulata alikuwa hajakanyaga hapo tangu afe. Hakuwa na ujasiri, basi.

Mlango ulikuwa wazi.

Alichomoa bastola yake, Glock.

Ndani, mbele ya skrini, alikaa Lucas, fundi mitambo wa idara yao ya upelelezi. Lucas huyo huyo aliyemfundisha kuunganisha waya. Shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho.

"Lucas."

Aligeuka na bastola mkononi. Walifyatua pamoja. Risasi ya Lucas ililia kwenye chuma cha pampu. Ya Imakulata ikampata begani, akaanguka na kiti chake, bastola ikateleza hadi mlangoni.

Imakulata aliipiga teke nje. Akamfunga mikono kwa waya wa mtandao, kisha akamfunga kidonda kwa kipande cha shati la Lucas mwenyewe.

"Wewe ndiye uliyemfungulia Brandel."

Lucas aliinua kichwa kutoka sakafuni. Alikuwa akiitazama skrini.

"Majibu hayatoki," alisema, kama mtu anayemlalamikia mwenzake wa ofisini. "Nimefungua kila kitu. Yanaingia, yanakaa. Kila nikibonyeza linatokea jina lake. Imma, kuna mtu humu."

"Hakuna mtu."

"Basi angalia."

Aliangalia.

Ujumbe umeshikiliwa. Aliyeagiza: Yona.

Chini yake foleni ya majibu, moja juu ya jingine, na jingine likaingia huku akitazama.

Ilimchukua muda kukumbuka. Yona hakupenda simu za watu wake zilie ovyo, maana mlio mmoja mahali pabaya ulitosha kummaliza mtu. Kwa hiyo aliipangia seva isitoe ujumbe wa wanachama mmoja mmoja, hata kama siku moja wangeruhusiwa kusema. Iukusanye, iufunge kifurushi kimoja, ikitoe saa kumi alasiri. Tanzia ilitoka papo hapo kwa sababu ilitumwa kwa jina la msimamizi. Majibu yalikuwa ya wanachama. Lucas alijua kila waya wa mashine ile, lakini hakujua tabia za aliyeipanga.

Marehemu alikuwa ameushika mlango kwa mkono wake. Lakini saa kumi angeuachia, na saa kumi ilikuwa imekaribia.

Imakulata aliinua kiti, akakaa. Neno jipya la siri lilikuwa limeshaingizwa na Lucas, ukurasa wa mipangilio uko wazi. Alichapa.

Ujumbe wote usubiri idhini ya msimamizi: ndiyo.

Majibu yaende kwa: msimamizi peke yake.

Majina ya waliojiunga yaonekane na: hakuna.

Akabonyeza hifadhi. Foleni ikahama, ikaingia kwenye chumba cha kusubiri. Hakuna hata jibu moja lililokuwa limetoka.

Alipumua. Akashuka kwenye orodha ya waliojiunga mpaka kwenye anwani ya Brandel, akaweka kidole juu ya kitufe cha kuondoa.

Akakiondoa kidole.

"Unafanya nini?" Lucas aliuliza.

"Nampa anachokitaka."

Alimwacha Brandel peke yake kwenye kifurushi cha saa kumi. Kisha akaanza kuandika pole za watu wasiokuwepo duniani. Mimi Rehema wa Kigombe, nimelia sana. Mimi Petro, mlinzi, alinisomeshea mtoto. Tukutane kesho asubuhi kwenye gofu la ghala la mkonge pale Kigombe, tumlie ndugu yetu hata kama maiti hatuna. Mwingine akajibu nitakuja, mwingine akajibu nitaleta mkeka.

Hakujua machozi yalianza kwenye pole ya ngapi. Miaka yote hiyo hakuwa amemlilia Yona, maana ungemliliaje mtu ambaye wewe mwenyewe unamwandikia barua zake? Sasa alilia waziwazi, mbele ya msaliti aliyefungwa waya, na hakuona aibu.

Saa kumi kifurushi kiliondoka.

Aliwasha simu ya setilaiti, Thuraya.

"Bi Shemsa. Kesho asubuhi Kigombe kuna msiba. Peleka waombolezaji."

"Wa kwetu?"

"Wa kwetu. Wavae kanga na kofia. Silaha chini ya mikeka."

"Nimekuelewa. Na Lucas?"

"Anavuja kidogo. Tuma gari."

Asubuhi Imakulata alikuwa bado kwenye nyumba ya pampu, akiilinda mashine, redio ikikoroma mezani.

"Sindano, wageni wameingia. Magari mawili," alisema mmoja wa waombolezaji.

"Brandel yumo?"

"Yumo. Kavaa nyeusi kabisa."

Kimya. Kisha mlipuko wa makelele, amri, risasi mbili, na kimya tena.

"Wamekaa chini wote. Mzungu analia kuliko wafiwa."

Boti ilikamatwa kabla jua halijawa kali, na masanduku yake yote ndani.

Bi Shemsa alipiga mwenyewe. Sauti yake ilikuwa nyepesi, jambo la nadra.

"Umetuokoa, mwanangu. Wallahi umetuokoa. Sasa malizia. Waandikie wote. Wewe ni Yona. Sema tanzia ni uzushi wa maadui, uko hai, kazi iendelee."

"Ndiyo, Bi Shemsa."

Alifungua chumba cha kusubiri ayafute majibu ya kweli. Ilibidi yafutwe, yalikuwa na majina. Alitaka kuyafuta bila kusoma, akashindwa. Fundi cherehani aliandika kwamba suti ya Yona bado imetundikwa dukani, hakuja kuichukua. Muuza samaki aliandika neno moja tu, innalillahi, halafu jina lake na la baba yake. Alisoma la huyu, akalifuta. La yule, akalifuta.

La mwisho lilikuwa la Mama Elizabeti.

Nani ameandika hii? Mwanangu hajafa. Ameniandikia Jumapili.

Imakulata alikaa akiitazama sentensi hiyo. Akasimama, akatembea mpaka mlangoni, akarudi. Yona aliyeandika Jumapili alikuwa yeye. Alikuwa ameiandika barua hiyo jikoni kwake huku anasubiri wali uive.

Alipiga simu.

"Siandiki, Bi Shemsa."

"Huandiki nini?"

"Kwamba yuko hai. Tanzia aliyoituma Brandel ni ya uongo kwa nia tu. Maneno yake ni ya kweli."

"Imakulata, hilo ni agizo."

"Nimesikia. Mlango umeshafungwa, wakijibu hawajianiki. Wanaotaka kuendelea na kazi wataendelea wakijua wanamfanyia nani."

Alikata. Aliandika upya tanzia, kwa jina lake la kazi, mistari michache, mahali alipofia na kwamba alikuwa kazini. Kabla ya kutuma alirudi kwenye orodha ya waliojiunga, akaondoa alama mbele ya jina moja. Mama hapewi msiba wa mwanawe kwa simu.

Kisha akatuma, akafunga mlango wa pampu, akapanda pikipiki.

Kutoka Muheza njia ya kupanda Amani ilikuwa tope tupu, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mara mbili alidhani kuna mtu amekaa nyuma yake. Hakugeuka. Kama ni yeye, na aje kwao.

Nyumba ilikuwa juu ya kilima, baraza limefagiliwa, viti vingi vimepangwa ukutani.

"Hodi."

"Karibu!" Mama Elizabeti alitoka akifuta mikono. Pua ilikuwa ile ile ya Yona, na kusimama kwake kule kule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mgeni wa chumba?"

"Hapana, mama. Nafanya kazi na Yona."

Uso wa mama ulikunjuka wote.

"Umekuja kuniambia ni uzushi! Nilijua mimi. Majirani walinisikia nikiisoma, wakajaa hapa tangu jana, wanalia, nikawaambia nendeni makwenu, mtamchulia mtoto wangu. Jumapili tu ameniandikia. Kaa, kaa kitini, nikuletee chai."

Alimvutia kiti.

Imakulata alikitazama kiti. Simu ilitikisika mfukoni, Bi Shemsa tena. Aliizima bila kuitoa. Akainama, akavua buti, akaziweka pembeni. Kisha akakaa chini, sakafuni, miguu ameikunja, kama watu wanavyokaa msibani.

Mama Elizabeti alibaki amekishika kiti.

"Mwanangu, kiti hiki hapa."

"Hapana, mama."

Polepole mama akakirudisha kiti ukutani. Akajishikilia nguzo, akashuka mpaka chini, bega kwa bega naye.

"Na aliyekuwa akiniandikia?"

"Ni mimi, mama."

Mama Elizabeti aliitoa kanga begani, akajifunga kiunoni, akakaza fundo. Halafu akapiga yowe, na majirani aliokuwa amewafukuza wakaanza kupanda kilima.