Kikombe cha Baba Ineza

"Gidi, mbona baba amepewa kikombe?" Ineza alinong'ona.

Gidioni, mchumba wake, akatazama chini. Pale nyumbani kwao Ngara, chungu cha pombe ya mtama kilikuwa katikati ya ua, na ndugu wote walishika mirija ya kunywea pamoja. Mzee Shibuda, baba yake Ineza, aliyetoka Nyantakara kuja kuwaona wakwe, alikaa peke yake pembeni na kikombe cha plastiki.

Mama yake Gidioni, Adelfina, alisikia.

"Wasukuma hawajui mirija, binti."

"Mama, baba aliizoea kwa marehemu mama yangu, Mhangaza mwenzako."

"Marehemu alikuwa wetu. Wewe ni wa kwao."

Ineza hakuwa na nguvu ya kubishana. Kwa shangazi zake wa Kisukuma, wafugaji, aliitwa Mrundi kwa sababu ya lugha ya mama yake. Huku, mtoto wa Msukuma. Tangu shuleni alikuwa akijieleza tu. Akaenda migombani, akamwandikia Gidioni kwenye simu: "Ulisema mama yako amekubali. Namrudisha baba nyumbani. Pete nakuachia."

Jibu likaja: "Nisubiri. Angalia uani."

Akachungulia. Gidioni aliweka mrija wake chini, akavuka ua.

"Baba, nionjeshe."

"Hiki ni cha mgeni, mwanangu," mzee alicheka taratibu, huku akimsogezea nafasi kwenye mkeka.

"Basi na mimi ni mgeni."

Wakapokezana kikombe.

"Gidioni! Unaniaibisha mbele ya watu!"

"Mama, wajukuu zako watakuwa wa kwako na wa mzee huyu. Wao utawapa nini? Mrija au kikombe?"

 Adelfina akamtazama yule mzee aliyepokea kikombe kwa mikono miwili na kushukuru, kana kwamba hakuona kitu. Akainuka akishika kiuno, akauchomoa mrija wake mwenyewe, akaufuta kwa kanga.

"Baba Ineza, sogea chunguni. Magoti yangu yamechoka kukuletea kikombe."

"Asante, mkwe wangu. Hata yangu yamechoka."

Mjomba mmoja akaguna, kisha akasogeza kigoda chake.

"Na huyo wa migombani aje!" Adelfina aliita. "Au nimfuate na magoti haya?"

Ineza alirudi, macho mazito, pete ingali kidoleni. Hakuna aliyepiga vigelegele. Akaketi kati ya baba yake na mama mkwe, akapewa mrija, wala hakuna aliyemuuliza yeye ni wa wapi.