Maneno Kwenye Bampa ya Baba

Jumamosi, tarehe 22 Februari 2025, saa tatu na robo asubuhi, jua la kiangazi lilikuwa limekwisha kuukausha uwanja wa akina Joan mjini Malaba, na vumbi la malori yaliyopanga foleni mpakani lilitanda mpaka kwenye kamba ya nguo. Joan, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa akiosha gari la marehemu baba yake, Oketcho, kama afanyavyo kila Jumamosi. Mama yake, Proscovia, alikuwa amekwenda kuwauzia madereva chai na chapati.

Bampa ya nyuma aliiosha mwisho, tena kwa kiganja. Juu ya plastiki ile ya kijivu, baba alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe: NYUMBANI WANANINGOJA. Madereva wengi humlipa mtu awaandikie maneno ya namna hiyo. Oketcho alishika brashi mwenyewe, na mstari wake ukapanda mlima. Baada ya wiki moja gari lingepelekwa kijijini kwenye ibada ya kumbukumbu yake, na Proscovia alitaka ukoo mzima uuone mwandiko ule.

Phillip, mtoto wa jirani, aliingia na baiskeli mpya.

"Nipe nizunguke kidogo," Joan alimwomba.

"Wewe? Unaendesha kama ng'ombe anayevuka barabara."

Hata hivyo alimpa. Katika mzunguko wa pili Joan aliyumba, pedali ikaikwaruza bampa karibu na herufi ya mwisho.

"Mwambie mama yako leo hii," Phillip alisema. "Akiambiwa atakasirika kidogo. Akigundua mwenyewe, mimi sipo."

"Nitaitengeneza kabla hajarudi. Nawe ukifungua mdomo, mimi na wewe hatujuani."

Alikimbia mpaka kwa Othieno, fundi wa kupaka magari rangi. "Mzee, mama amenituma nichukue msasa na rangi kidogo ya kijivu. Atalipa jioni."

"Ya kupaka nini?"

"Kigoda."

"Kigoda hakina makuu. Sugua, pangusa, paka."

Akampa bila kusita. Mtaani kwao mtoto akisema mama ametuma, neno lake ni neno la mama.

Joan hakuifanya kazi kizembe. Ili asiyaguse maneno ya baba, aliyafunika kwa utepe wa kufungia makatoni, akaukandamiza kwa kidole gumba juu ya kila herufi. Alisugua mkwaruzo kwa msasa na maji, akapangusa, akapaka rangi nyepesi, akangoja ikauke juani, akarudia. Mwishowe aliing'arisha bampa kwa nta mpaka akauona uso wake humo. Mkwaruzo haukuonekana tena. Akashika ncha ya utepe, akavuta.

Utepe ulikuja na herufi. Maneno yote yalibanduka kama maganda ya kitunguu, yakaning'inia yamegeuka na kuchanika. Joan alijaribu kuyabandika tena kwa mikono miwili. Yakavunjika, yakabaki unga mweupe vidoleni mwake.

Proscovia alimkuta ameketi chini, utepe mapajani. Hakumpiga. Alipiga magoti, akapitisha kiganja pale palipokuwa na maneno, akauliza kwa sauti ndogo, "Joan, umeyapeleka wapi?"

Joan akaeleza yote, tangu baiskeli mpaka kigoda. Mama alijifunika uso kwa kanga, akalia kama alivyolia siku ya mazishi.

Jioni walikwenda pamoja kwa Othieno. Fundi aliposikia ukweli alisema, "Mwanangu, mbao hunywa rangi. Plastiki hainywi, lazima uipake kwanza dawa ya kuifanya rangi ishike. Baba yako aliyapaka maneno yale hivi hivi tu. Ungeniambia ni bampa yake, ningekukataza utepe. Lakini fundi hutibu ugonjwa aliotajiwa." Akamgeukia Proscovia. "Shemeji, nitayaandika upya. Na rangi ile tusiihesabu."

"Ahsante, shemeji. Mkono ulioyaandika tumeuzika, kwa hiyo bampa itakwenda tupu. Na rangi tutaihesabu. Aliichukua kwa jina langu, kwa uongo. Atailipa kwa jasho lake."

Kijijini, jamaa walipouliza maneno yako wapi, Proscovia alimgeukia Joan. Joan alisimama mbele yao akajibu mwenyewe. Shangazi mmoja alilia waziwazi.

Joan aliporudi Malaba alisugua milango ya magari kwa msasa kwenye karakana ya Othieno, Jumamosi hata Jumamosi, mpaka ngozi ya vidole ikawa ngumu. Siku moja fundi alimwita, vumbi limemjaa kichwani, akamwambia mbele ya mama yake aliyekuja kumchukua, "Deni la rangi limekwisha."

Njiani, Joan aliuliza, "Mama, na deni lako?"

Proscovia alipunguza mwendo. "Mkwaruzo ulikuwa ajali, na hata baba yako alikwaruza magari. Ungeniachia mkwaruzo, leo ningekuwa na maneno. Kosa dogo likifichwa, mwanangu, hula kitu kikubwa kilicho karibu nalo. Shika hilo maisha yako yote." Akamshika mkono, ule uliokuwa mgumu kwa msasa. "Ama deni langu, silidai. Huna cha kulilipia."