Kwa Nini Bosi Alilikimbia Beseni Lake

Duka la Asteria lilikuwa Maganzo, kando ya lami. Aliuza mchele, na karibu na mlango aliweka friji ya soda. Nyuma ya duka ndiko alikoishi na mume wake, Masalu. Mtoto wao, Luka, alikuwa shule ya bweni Kahama. Kwa hiyo nyumbani walibaki watatu: Asteria, Masalu, na paka wao aliyeitwa Bosi.

Jina hilo Bosi alipewa kwa haki. Alikuwa dume mnene, mweupe mwenye mabaka meusi, na alitembea dukani kana kwamba leseni iliandikwa kwa jina lake. Asteria alimleta kutoka Ushetu akiwa mdogo wa kutosha kwenye kikapu cha mayai. Tangu siku hiyo, miaka minane, hakuna panya aliyetoboa gunia la mchele. Asteria alimpenda sana wala hakulificha jambo hilo. Akinywa chai ya maziwa yenye sukari, Bosi alipata ya kwake kwenye kisahani, pamoja na kipande cha andazi. Mchana Bosi alikula wali. Jioni alimalizia ukoko.

Masalu alikuwa mchimbaji mdogo wa almasi. Alikuwa mtu mwema, lakini kwenye habari ya mchanga alikuwa na kichwa kigumu. Kila jioni alirudi na ndoo mbili za mchanga kutoka shimoni kwake, akaumwaga uani. Mchanga ulisubiri Jumamosi, siku ya kuuosha na kuuchekecha. Beseni la choo cha Bosi nalo lilijazwa kutoka kwenye rundo hilo hilo.

"Mama Luka, mchanga wa beseni usitupwe," Masalu alisema kila mara. "Bado haujaoshwa. Utatupa almasi hivi hivi."

"Baba Luka, humo mna kinyesi cha paka."

"Almasi haioni kinyaa," alijibu Masalu.

Basi beseni lilikaa wiki nzima bila kubadilishwa. Wakati ule Bosi alikuwa na afya, naye alivumilia.

Kiangazi kile mambo yalibadilika. Bosi alianza kunywa maji kuliko kawaida. Alimaliza bakuli la asubuhi, akamaliza la mchana, kisha akaenda kulamba matone chini ya friji. Alikula kwa pupa, lakini alikonda hadi mifupa ya mgongo ikahesabika. Asteria alimwonea huruma, akamwongezea chai na andazi.

Kisha Bosi akaanza kukojoa nje ya beseni. Alikojoa nyuma ya mlango. Alikojoa chini ya meza. Siku moja alikojoa kwenye gunia la mchele. Mteja alinusa mchele wake, akaurudisha, akaenda duka la jirani.

Masalu alikasirika. "Jumapili ndugu yangu Ngassa anakuja kutoka Songwa," alisema. "Ataondoka na huyu paka."

Nyumbani kwa Ngassa kulikuwa na mbwa wanne wakali. Bosi wa zamani angepigana nao. Bosi huyu mgonjwa asingemaliza wiki.

"Nipe siku chache," aliomba Asteria.

"Sawa. Lakini toka leo maji marufuku. Asipokunywa, atakojoa nini?"

Maneno hayo yalionekana yana akili, na Asteria akakubali. Wote wawili walikosea, tena kosa kubwa.

Siku ya pili Bosi aliingia kwenye beseni, akachuchumaa, akakaza, akalia. Alitoa punje chache ngumu kama kinyesi cha mbuzi. Siku ya tatu alikaza tena na hakutoa kitu. Alitoka akajilaza sakafuni. Asteria alipomgusa, tumbo lilikuwa gumu.

Ijumaa asubuhi Asteria alichukua chupa ya mafuta ya nyonyo. Alikuwa amejaza kijiko aliposikia sauti mlangoni.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, Daktari. Karibu."

Aliyeingia alikuwa Rebeka, daktari wa mifugo. Watu walizoea kumwona kwenye pikipiki yake, amevaa buti, akienda kutibu ng'ombe. Siku hiyo alifuata kilo tano za mchele. Lakini macho yake yalitua kwenye kijiko.

"Hicho ni cha nani?"

"Cha Bosi. Tumbo limefunga siku mbili sasa."

"Naomba ukiweke chini kwanza, mama. Paka ukimmiminia mafuta mdomoni, yanaweza kuingia kwenye mapafu. Na dawa ya binadamu asipewe kabla hajapimwa. Mkojo unatoka?"

"Unatoka mno. Ndio unaotuharibia nyumba."

"Afadhali. Dume akikaza na mkojo hautoki hata tone, huyo aletwe siku hiyo hiyo. Anaweza kufa upesi."

Rebeka alichuchumaa. Karibu na gunia aliona sisimizi wamejipanga.

"Hawa wanafuata nini hapa?"

"Sijui. Alikojoa hapo jana."

Rebeka alimsimamisha Bosi, akamtazama akitembea. Miguu ya nyuma ilikuwa imelegea. Badala ya kutembea kwa vidole kama paka wote, alikanyaga kwa visigino. Rebeka alivuta ngozi ya shingo kidogo. Ilichelewa kurudi mahali pake.

"Amekauka maji," alisema.

Alitoa kwenye mkoba kipimo kidogo cha sukari, kama kile cha zahanati. Alichoma ncha ya sikio la Bosi, akapata tone la damu. Kisha Bosi alipokojoa, akapima mkojo pia, maana paka akiogopa tu, sukari ya damu inaweza kupanda kwa muda. Vipimo vyote viwili vilisema jambo moja.

"Mama, Bosi ana kisukari."

Asteria alicheka. "Daktari, kisukari ni cha watu wenye vitambi."

"Bosi alikuwa na kitambi au hakuwa nacho?"

Asteria alikitazama kisahani cha Bosi. Alikumbuka visahani vya chai, kimoja baada ya kingine, akaona haya.

Wakati huo Masalu aliingia kutoka shimoni, suruali imejaa vumbi. Alisikiliza habari yote huku amekunja mikono.

"Mimi nilimkataza maji ili asikojoe," alisema.

"Pole, Baba Luka, umelishika jambo kinyume," alisema Rebeka kwa upole. "Paka huyu hakojoi kwa sababu anakunywa. Anakunywa kwa sababu anakojoa. Sukari ikizidi kwenye damu, inatoka na mkojo, na inavuta maji mengi mwilini. Ndiyo maana ana kiu. Mlipomnyima maji, mwili ulinyonya hata maji ya kwenye kinyesi. Kinyesi kikakauka, kikakwama."

Masalu alikuna kichwa. "Haya. Na magunia yetu je? Choo chake si kipo?"

"Nionyeshe hicho choo."

Walikwenda uani. Rebeka alilitazama beseni, akarudi nyuma hatua moja.

"Mchanga huu ni wa lini?"

"Wa Jumamosi iliyopita," alisema Masalu. "Utaoshwa kesho."

"Baba Luka, paka mzima hukojoa mara mbili au tatu kwa siku. Bosi sasa labda ni mara saba. Choo chake kinajaa upesi. Changarawe hii ina ncha, na miguu yake ni dhaifu. Tena amekaza humu mpaka akaumia, kwa hiyo anadhani beseni ndilo linalomuumiza. Hafanyi ukorofi. Anatafuta mahali safi pasipouma. Wewe ungeingia humu?"

Masalu alikohoa. "Lakini haujaoshwa," alisema kwa sauti ndogo.

Asteria hakuwahi kubishana na mume wake mbele ya mgeni. Siku hiyo alibishana.

"Baba Luka, chagua. Mchanga au Bosi."

Masalu alimtazama mke wake. Alimtazama Bosi, aliyekuwa ameegemea mlango kama mzee mchovu. Kisha akabeba beseni, akaenda hadi kwenye shimo la taka, akamwaga mchanga wote bila kuuchekecha. Alisimama pale kidogo akiutazama. Kwa mchimbaji wa Maganzo hilo si jambo dogo, na Asteria alimpenda mume wake zaidi wakati ule kuliko siku nyingi zilizopita.

"Nampa mwezi mmoja," alisema Masalu aliporudi. "Akiendelea kuharibu mchele, anakwenda Songwa." Akampigia Ngassa simu asubiri.

Rebeka alimwekea Bosi maji ya dawa chini ya ngozi, na akampa dawa ya paka ya kulainisha choo. Saa kumi jioni Bosi alipata choo. Watu wazima wawili walisimama wakikitazama kwa furaha ambayo mpita njia asingeielewa.

Dawa ya kisukari, insulini, ililetwa kwa basi kutoka Mwanza ndani ya boksi lenye barafu. Asteria aliipa nafasi yake kwenye friji ya soda, mbali na sehemu inayogandisha. Rebeka aliwafundisha kuchoma. Sindano ilikuwa ndogo sana, ya chini ya ngozi, saa moja asubuhi na saa moja jioni, Bosi akishakula.

"Kipimo ni hiki nilichoandika," alisema. "Msikiongeze wala msikipunguze bila kuniuliza. Chai na andazi basi. Wali basi. Mwili wa paka umeumbwa kula nyama na samaki. Mpeni samaki au kuku wa kuchemsha, bila chumvi wala kitunguu. Lakini mbadilishe polepole, kama wiki nzima. Maji awe nayo muda wote."

Mikono ya Asteria ilitetemeka alipojaribu kuchoma. Masalu, aliyezoea kuokota vijiwe vidogo kwenye chekecheo, alikuwa na mikono mitulivu. Kazi ikawa yake.

Na kwa kuwa Masalu hajui kufanya kitu nusu nusu, siku ya tatu alinunua sato mzima. Bosi alikaribia kummaliza. Usiku kucha aliharisha, na asubuhi alikigeuzia mgongo chakula. Saa moja ilipofika, Masalu alishika sindano.

"Ngoja," alisema Asteria. "Hajala." Akampigia Rebeka simu, akaiweka sauti ya juu.

"Umefanya vizuri, mama," alisema Rebeka. "Msimchome kwanza. Akichomwa na hajala, sukari inaweza kushuka ghafla. Mkimwona anayumba, anatetemeka au amelegea, mpakeni asali kwenye ufizi na mnipigie hapo hapo. Nakuja. Na huyo samaki nani alimwambia Baba Luka ampe mzima mzima?"

"Simu imekata," alinong'ona Masalu, ingawa haikuwa imekata.

Rebeka alimtibu Bosi tumbo, wakarudi kwenye mwendo wa polepole: kuku kidogo leo, kidogo zaidi kesho. Tumbo likatulia, na sindano zikaendelea kama Rebeka alivyoelekeza.

Choo nacho kilibadilika. Masalu alileta mchanga laini wa mtoni. Aliweka mabeseni mawili mahali patulivu, mbali na chakula. Moja alilikata ukingo ili Bosi aingie bila kuruka. Asubuhi na jioni aliondoa uchafu kwa chekecheo dogo, na kila wiki alimwaga mchanga wote na kuyaosha mabeseni kwa sabuni. Mtu aliyezoea kuusoma mchanga hashindwi kuusoma wa paka. Mkojo ulifanya mabonge, na Masalu aliyahesabu.

"Mama Luka, jana mabonge saba. Leo matano."

"Na kinyesi?"

"Kizuri. Si kigumu, si maji."

Waliongea habari hizo wakati wa chai, wala hawakuona ajabu.

Mwezi ulipokwisha, Rebeka alipima tena. Sukari ilikuwa imeshuka vizuri. Bosi alikuwa ameongezeka mwili kidogo, na alikanyaga kwa vidole. Magunia yalinukia mchele tu, na wateja walikuwa wamerudi.

"Wapo paka wanaofika mahali pa kuacha sindano, na wapo wanaochomwa maisha yao yote," alisema Rebeka. "Bosi tutamfuatilia. Msiache wenyewe."

Habari ya Songwa haikutajwa tena. Asteria hakuuliza. Aliogopa kumkumbusha mume wake.

Jioni moja Kalisti, mchimbaji mwenzake Masalu, alifika na pikipiki, begi limefungwa nyuma.

"Masalu, panda twende. Kuna rashi Geita. Dhahabu imeonekana juzi, watu wanamiminika. Tukichelewa hatupati shimo."

Asteria alisimama na kibaba cha mchele mkononi. Alimjua mume wake. Hakuna mchimbaji anayeitwa kwenye rashi akabaki nyumbani.

"Saa ngapi sasa?" aliuliza Masalu.

"Kumi na mbili na nusu."

"Basi siwezi. Saa moja namchoma paka."

Kalisti alidhani anataniwa. "Unaacha dhahabu kwa sababu ya paka?"

"Paka huyu ana dozi, Kalisti. Tangulia. Mama Luka akishazoea kuchoma, nitakuja."

Kalisti alicheka mpaka akaegemea pikipiki. Aliondoka bado anacheka. Masalu alinawa mikono, akaweka kuku kwenye kisahani.

Bosi alipomaliza kula, Asteria alinyoosha mkono. "Leo nipe mimi sindano."

Masalu aliinua ngozi ya shingo. Mkono wa Asteria ulitetemeka, ukatulia, ukachoma. Bosi alikuwa analamba kisahani, hana habari.

"Umeona?" alisema Asteria, akicheka huku machozi yanamlengalenga. "Kesho unaweza kwenda Geita."

"Kesho kutwa," alisema Masalu, akimpapasa Bosi kichwani. "Kesho nataka nikuone ukimchoma tena."