Barua za Shule Kwenye Ukuta wa Mama Kola

Mama Kola alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alipewa na mtaa, kwa sababu kola zake zilikaa shingoni kama zimeota hapo. Ukipita barabarani na shati lake, watu walijua nani kashona bila kuuliza.

Alishonea barazani kwake. Upande huu palikuwa na cherehani, upande ule kiti cha msusi. Msusi alikuwa jirani na rafiki yake wa miaka kumi. Alisuka vizuri, na alisema vizuri zaidi. Aliyetaka kujua nani kachumbiwa, nani kahama na nani hasemezani na mkwewe, alikuja kusukwa hata kama msuko wake bado ni mpya. Mtaa ulimwita Redio. Mwenyewe alijua, na hakukasirika. Alisema redio haina kosa, kosa ni la anayeiwasha.

Ndani ya nyumba walikuwa watatu. Baba aliendesha lori la safari ndefu. Akiondoka, anakaa wiki mbili. Mtoto wao mmoja, msichana wa miaka kumi, alisoma darasa la nne katika shule ya msingi ya parokia. Walimwita Bobini, kama kile kigurudumu cha uzi ndani ya cherehani, kwa kuwa tangu ajue kutembea hakuacha kuzunguka.

Mama Kola alikuwa na siri moja. Hakujua kusoma. Namba alizijua, maana fundi bila vipimo si fundi. Lakini herufi zilimpita kushoto na kulia. Mumewe tu ndiye aliyejua. Bobini hakuambiwa, kwa sababu mama aliona aibu. Redio hakuambiwa, kwa sababu kumwambia Redio ni kuuambia mji mzima.

Kila mwezi shule ilituma barua kwa wazazi. Bobini alimpa mama mkononi. Mama aliishika, akapitisha macho polepole kama alivyomwona Padre akifanya kanisani, akaitikia kwa kichwa.

“Nimeona,” alisema.

Mtoto akiondoka, mama alichukua mkasi. Karatasi ya shule ilikuwa ngumu na nyeupe, haikunjiki kingo. Ilifaa sana kukatia mfano wa kola au mfuko. Aliweka mfano juu ya kitambaa, akauzungushia chaki, kisha akakata. Mifano yote aliitundika kwa uzi kwenye misumari ya ukuta. Mumewe akirudi na kuuliza barua za shule, aliambiwa hakuna iliyokuja.

Mwaka wa shule ulipokaribia kuisha, Bobini alikuja mbio na bahasha. Alikuwa anahema. Mama aliifungua, akapitisha macho, akaitikia kwa kichwa.

“Nimeona.”

Bobini hakuondoka. Alisimama akimtazama mama usoni, kama mtu anayesubiri chakula kiive. Mama akamuuliza kama sare yake imefuliwa. Mtoto akajibu ndiyo, akaingia ndani taratibu.

Tangu siku hiyo Bobini aliacha kuzunguka. Aliosha vyombo kimya, midomo ikichezacheza bila sauti. Akiulizwa ana nini, alisema hana kitu. Mama alimgusa paji la uso, halikuwa na joto. Redio, ambaye hakuna ugonjwa asioujua, alisema hayo ni minyoo. Mtoto akanyweshwa dawa ya minyoo. Midomo ikaendelea kucheza.

Alhamisi moja, saa nane na nusu mchana, Sista wa ofisi ya shule alikuja barazani. Yeye ndiye aliyechapa barua zote za wazazi. Alikuwa mtawa kijana, mwepesi wa kucheka. Alibeba kanzu nyeupe za watoto wanaomsaidia Padre kwenye Misa. Watoto walikuwa wamerefuka, kanzu zimebaki palepale.

Mama Kola akaanza kupima. Sista akawa anatazama ukutani. Kwanza alitazama kama mgeni yeyote. Kisha akasogea. Kisha akainamisha kichwa upande mmoja.

“Mama Kola,” alisema, “hii kola inasema sweta zilizookotwa zipo kwenye sanduku la ofisi.”

Mama Kola akanyanyua macho. Mwezi wa sita Bobini alipoteza sweta. Aligombezwa siku nzima, na mama akakaa usiku na mchana kumfumia nyingine.

Sista akaendelea, kidole kikipita karatasi baada ya karatasi. Mfuko ule ulisema siku ya kupima macho ya wanafunzi. Bega lile lilisema kikao cha wazazi wa darasa la nne. Kola ndogo ile ilisema vitabu vya maktaba virudishwe kabla ya shule kufungwa, na siku ya kufunga watoto wachukuliwe saa sita, si saa tisa.

Mama Kola akaacha kupima. Mwaka mzima alikaa mbele ya ukuta ule. Alijua kila karatasi kwa umbo, kwa inchi, kwa tundu la sindano. Kumbe zilikuwa zinasema. Zilisema asubuhi, zilisema mchana, zilimwita yeye, naye aliketi pale pale akikanyaga cherehani.

Sista alifika kwenye mfuko wa mwisho, ule mpya. Aliutoa kwenye uzi, akausoma mara mbili.

“Hiki ni kipande cha kurudisha shuleni,” alisema. “Bobini amechaguliwa kusoma somo la kwanza kwenye Misa ya kufunga mwaka, Ijumaa ya wiki ijayo. Mzazi anatakiwa akubali na kuweka sahihi hapa. Mwisho ni leo saa kumi. Kisha mwalimu atachagua mtoto mwingine.” Akaushusha mkono. “Tulidhani mmekataa. Mama, hukupenda asome?”

Kitana cha Redio kilisimama katikati ya kichwa cha mteja.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Angesema kazi zilimzidi. Angesema baba wa mtoto hayupo, wanamsubiri. Nani angebisha? Mama Kola alifungua kinywa, na hapo akamwona Bobini. Alikuwa ametoka shule. Amesimama kwenye ngazi na mkoba mgongoni, na amesikia kila kitu. Midomo yake ilikuwa imetulia.

“Sijui kusoma,” Mama Kola alisema. “Sijawahi kujua. Zote hizo nimezikata bila kujua zinasema nini.”

Hakumtazama Redio. Alimtazama mtoto.

“Kumbe hukukataa,” alisema Bobini.

“Nitakataaje jambo nisilolijua, mwanangu?”

Bobini akaja akasimama karibu naye, bega kwa bega, kama wanavyosimama watu kwenye foleni moja. Akakiri kwamba amekuwa akijifunza somo lile kwa siri wakati wa kuosha vyombo, endapo mama atabadili mawazo. Minyoo haikuwepo. Redio akakohoa kidogo.

Sista hakucheka, wala hakumwonea huruma. Alivuta kigoda akaketi. Alieleza kwamba wazazi wasiojua kusoma ni wengi kuliko mtu anavyofikiri, na kwamba shule haimlaumu yeyote. Shule ikijua, inasaidia. Kila barua isomwe siku ileile inapofika. Mtoto anaweza kumsomea mama yake, na haipunguzi heshima ya mama hata kidogo. Barua ikishasomwa, itundikwe nzima kwenye msumari mmoja karibu na mlango. Tarehe zake zizungushiwe mduara kwenye kalenda, na namba Mama Kola anazijua tayari. Kama kuna kipande cha chini, kikatwe kwenye mstari wa nukta, kirudi shuleni kesho yake.

“Na sahihi?” aliuliza Mama Kola. “Siwezi kuandika jina.”

“Dole gumba linatosha,” alisema Sista. “Linakubalika.”

Lakini wino haukuwepo. Sista alipekua mkoba wake, hakuna. Saa ilikuwa inaelekea tisa na nusu. Hapo Redio akaacha kichwa cha mteja na kuja na kibakuli chake cha rangi nyeusi ya nywele.

“Chovya,” alisema. “Lakini ujue hii haitoki wiki mbili. Ukitaka kukana, utashindwa.”

Mama Kola akachovya dole gumba, akalibonyeza juu ya mfuko wa karatasi. Alama ikatokea, nyeusi, na mistari yake yote midogo kama nyuzi za kitambaa. Aliitazama kwa muda. Sista alinyoosha mkono ili akipeleke kipande hicho yeye, lakini Bobini alikuwa ameshakichukua na kukimbia. Kwenye kona ya barabara alizunguka mara moja, mikono wazi, kisha akapotea.

Ijumaa ya Misa kanisa lilijaa hadi mlangoni. Baba alikuwa amerudi, shati lake na kola yake vimenyooka. Bobini aliwekewa kigoda, kwa sababu mimbari ilimzidi urefu. Kitabu kilifunguliwa mbele yake. Akavuta pumzi, akaanza.

Mama Kola hakuwahi kusikia sauti ile. Ilikuwa ya mtoto wake, lakini ilikwenda mpaka ukuta wa nyuma na kurudi. Wenye vikohozi walivizuia. Mama aliwaza juu ya karatasi iliyokuwa mbele ya mtoto, nyeupe yenye alama ndogo nyeusi, bubu kabisa ukiitazama. Mtoto wa miaka kumi alikuwa anaitazama tu, na maneno ya watu wa zamani sana yalikuwa yanatoka humo yakiwa mazima, yakiwafikia watu mia nne kwa mara moja. Alitazama dole gumba lake, bado jeusi. Mumewe akamshika mkono, rangi na yote.

Siku ya kufunga shule walimchukua Bobini saa sita kamili. Walipitia ofisini kurudisha kitabu cha maktaba. Kwenye sanduku la vilivyookotwa walikuta sweta mbili zake. Ya pili hata yeye hakujua kwamba imepotea.

Kuhusu Redio, alifanya kazi yake. Kabla Jumapili haijafika, mtaa wote ulijua kwamba Mama Kola hajui kusoma, na kwamba Sista ataanzisha darasa la watu wazima Jumamosi alasiri, shule ikifunguliwa. Mama Kola alijiandaa kuchekwa. Badala yake alianza kupata wateja wa ajabu. Mke wa muuza nyama alileta gauni lisilo na tatizo lolote. Akapimwa, akazungukazunguka, mwisho akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kuna darasa. Kesho yake akaja mwosha magari na suruali nzima. Darasa lilipoanza walikuwa kumi na mmoja, magoti yakigonga madawati ya watoto wa darasa la kwanza. Sista alipowaonyesha jinsi ya kuchora herufi zenye mikunjo, mkono wa Mama Kola ulitangulia wa wenzake. Ulikuwa umechora mikunjo ya kola kwa chaki maisha yake yote.

Wiki ya sita ya darasa, Bobini alikuja na barua ya kwanza ya mwaka mpya. Mama aliacha kukanyaga cherehani. Hakupitisha macho. Aliweka kidole chini ya mstari wa juu. Neno la kwanza likamshinda. Akasogea la pili. Redio aliacha kusuka.

“M… za… zi,” alisema Mama Kola. Akarudia. “Mzazi. Huyu ni mimi.”

“Ni wewe,” alisema Bobini. “Endelea.”

Iliwachukua mpaka jua lilipohama barazani. Walipomaliza, barua ilitundikwa kwenye msumari wa mlangoni, nzima, pembe zake zote nne. Mifano ya kola siku hizi hukatwa kwenye mifuko mitupu ya sementi.