Mama Povu na Kidonge cha Wiki

Mama Povu alianza kufua nguo za watu tangu usichana wake. Enzi hizo alifua na kupiga pasi uani na wenzake, jua likiwachoma mabega kutwa nzima. Kazi ilikuwa ngumu, lakini jamani, walivyokuwa wakicheka! Siku hizi pale uani pamejengwa, na wenzake wametawanyika. Yeye na binti yake hufua kwa mashine katika chumba kisicho na dirisha. Huingia alfajiri na kutoka jua limezama.

"Mama, leo unapiga pasi umekaa?" binti aliuliza.

"Miguu imegoma, mwanangu. Mifupa inauma."

Wakaenda zahanati. Damu ikapimwa.

"Vitamini D yako ni kumi na moja," daktari alisema. "Tunataka angalau ishirini. Ngozi huitengeneza ikipata jua, na wewe jua hulioni. Meza kidonge hiki, kimoja kwa wiki. Baada ya miezi miwili urudi tupime tena."

Kimoja kwa wiki! Mama Povu alicheka njia nzima. Doa sugu si huongezewa sabuni? Basi akameza kimoja kila siku. Vilipokwisha, akanunua vingine. Kupima hakurudi.

Mwezi wa tatu wa kumeza ukamkuta na kiu isiyokatika. Chakula kikamtia kichefuchefu, choo kikawa kigumu, na miguu ikalegea kuliko mwanzo. Ndipo binti akasema lile neno ambalo mama aliliogopa.

"Mama, pumzika nyumbani. Nitatafuta mtu wa kupiga pasi."

Mama Povu alilia. Pasi ndiyo iliyokuwa imembakia ya siku zile za uani. Akiikosa, atabaki na nini?

Jirani yao mfamasia akaingia kuchukua makoti yake ya kazi.

"Shikamoo, mama. Kulikoni?"

Binti akamweleza. Mfamasia akaomba kuiona dawa.

"Unaimezaje?"

"Kila siku. Sijakosa hata mara moja!"

"Ole wangu! Hiki kina nguvu ya uniti elfu hamsini. Kimoja kinatosha wiki nzima."

"Si vitamini tu? Ikizidi si itatoka na mkojo?"

"Nyingine hutoka, mama. Hii hujiwekea akiba kwenye mafuta ya mwili. Ikizidi mno, kalsiamu hujaa kwenye damu. Ndiyo hiyo kiu, ndiyo hicho kichefuchefu. Hata figo huharibika. Twende hospitali sasa hivi. Makoti yatangoja."

Kipimo cha vitamini D kilisoma mia moja na sabini. Vidonge vikasimamishwa, akalazwa na kutundikiwa dripu.

"Figo zako zimeponea chupuchupu," daktari alimwambia. "Usitazame jina la dawa tu. Tazama na nguvu yake, na siku za kuimeza."

Kiwango kilishuka polepole, miezi kwa miezi. Kila alipoitwa kupimwa, alikwenda. Kilipofika arobaini, daktari alimpa kidonge cha nguvu ndogo, hiki sasa cha kila siku. Miguu ikapata nguvu. Binti akaisogeza meza ya pasi hadi mlangoni, penye jua la asubuhi.

Asubuhi moja Mama Povu alikuwa amesimama pale, pasi mkononi, akiimba.

"Wimbo gani huo, mama? Sijawahi kuusikia."

"Tuliuimba tukifua. Sasa nimebaki mimi tu ninayeujua."

Binti akazima mashine.

"Basi nifundishe," alisema.